Benchi la Mama Mashine

Chuoni wanamwita Mama Mashine, na jina hilo limemkaa kama nguo aliyoshonewa kwa kipimo. Jina alilopewa na wazazi wake limeandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kiko nyumbani ndani ya kopo la vifungo na sindano. Hata mkuu wa chuo akiwa na barua ya kutolewa nakala humwambia mhudumu aipeleke kwa Mama Mashine, naye mhudumu haulizi ni nani huyo.

Chumba chake kiko mwisho wa jengo la madarasa, katikati ya stoo ya viti vibovu na meza ya fundi saa. Ndani mna mashine mbili za fotokopi, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kunyofoa vipuri, rafu ya karatasi, stepla kubwa yenye mkono wa chuma, na dirisha moja linalotazama uwanja. Fundi saa, yule wa meza ya jirani, ni mume wake. Wageni huchukua muda kulijua hilo, maana kutwa nzima wawili hao hutaniana kama shemeji na shemeji.

Nje ya mlango kuna benchi. Fundi saa alilitengeneza kwa mbao za vitanda vya bweni vilivyotupwa, lakini mtu aliyezoea vijiskurubu vya saa si lazima awe seremala. Mguu mmoja ulitoka mfupi, akauchomekea kipande cha kigae, na mpaka leo ukikaa upande ule benchi hukupokea kwa kutikisika.

Mama Mashine aliacha shule akiwa kidato cha pili. Mama yake aliugua, wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwaangalia, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Hakurudi tena darasani. Lakini miaka kumi na tisa kando ya mashine ya fotokopi, katika chuo cha ualimu, si miaka ya bure. Kila makala ambayo walimu huwapangia wanafunzi wasome hupitia kwanza mikononi mwake. Asubuhi, mashine ikiwa bado inapata joto, yeye husoma. Alianza kwa vichwa vya habari tu, akaja akaongeza aya ya kwanza, na siku moja akajikuta amefika ukurasa wa mwisho, miwani imeshuka puani, chai imeota utando. Jioni wakirudi nyumbani humsimulia mume wake alichosoma. Fundi saa huwaambia watu kwamba mke wake amesoma kozi zote za chuo, tatizo ni kwamba hajawahi kuvaa joho.

Sijui ni mwanafunzi gani aliyemwuliza kwanza, "Mama, hii makala inasema nini?" Inatosha kujua kwamba alijibiwa vizuri, kwa sentensi tatu, na akaondoka anacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Habari njema hazikai ndani. Muhula uliofuata wakaja watano, kisha kumi, hadi ikawa desturi. Siku za Alhamisi, saa nne asubuhi, wanafunzi walichukua nakala zao, wakaziweka kwenye mikoba bila kuzifungua, wakakaa kwenye benchi na kwenye ngazi, wakamsikiliza Mama Mashine akiigeuza makala ya kurasa ishirini kuwa hadithi ya dakika kumi. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Kijana mmoja mwenye maneno mengi, waliyempachika jina la Mbunge, alipenda kumwambia kwamba angepewa yeye vipindi, darasani kusingekuwa na anayesinzia. Mama Mashine alimfukuza kwa mkono kama anayefukuza nzi, lakini maneno yale aliyabeba hadi nyumbani na kulala nayo.

Benchi lile lilikuwa darasa alilonyimwa. Alijua kwamba wanamjia kwa sababu ana cha kuwaambia, na wakati mwingine, akifunga dirisha jioni, alijiuliza kama angekuja hata mmoja iwapo hangekuwa nacho.

Upande wa benchi unaotikisika alipenda kukaa binti mmoja mwenye daftari la kijani. Wenzake walimwita Kimya. Aliandika kila neno la Mama Mashine, mpaka vikohozi labda, na hakuwahi kuuliza swali. Siku moja alibaki nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye akisoma, sentensi humkimbia. Akifika kwenye nukta, mwanzo umeshapotea.

"Basi wewe njoo tu," Mama Mashine alimwambia. "Mwanzo nitakushikia mimi."

Sasa ndipo tufike kwenye Alhamisi yenyewe. Mwalimu wa somo la malezi alikuwa ameleta makala ya kurasa kumi na nne, iliyochapwa mbele na nyuma, inayozungumzia muda ambao mwalimu anapaswa kusubiri baada ya kumwuliza mtoto swali. Mashine siku hiyo iliamka vibaya. Ilipofika karatasi ya tano ikakohoa, ikaimeza. Mama Mashine akalifungua tumbo la mashine, akaivuta karatasi ikiwa imejikunja kama jani kavu, akailaza dirishani chini ya boksi la pini za stepla ili inyooke, aje kuirudia. Mlangoni Mbunge alikuwa anapiga makofi kwamba kipindi kinaanza. Hodi zikawa nyingi, mikono ikawa mingi, na nakala arobaini na moja zikatoka bila ile karatasi.

Yeye mwenyewe aliisoma makala ile kwa vipandevipande, kati ya mteja huyu na mteja yule, katika kurasa zilezile zilizopungua. Hadi ukurasa wa nane mwandishi alikuwa anaeleza hoja za walimu wasiosubiri, tena aliwatetea kama wakili aliyelipwa vizuri. Ukurasa wa kumi na moja ulianza katikati ya mfano: darasa lenye furaha, watoto wanajibu, mwalimu anatabasamu. Zilizobaki zilikuwa majedwali na orodha ya vitabu. Mama Mashine akaunga ncha hizo mbili, kama mshonaji anavyounga kitambaa kilichopungua, akatoka nje na kuwaambia wanawe wa benchi kwamba mwandishi anasema hivi: ukimwuliza mtoto akanyamaza, usimkawize, mpe jibu somo lisonge, kwa maana ukimya humtia mtoto aibu. Wakaandika. Kimya aliandika na kupigia mstari.

Baada ya siku kumi na moja mwalimu wa malezi alikuja na bahasha ya majaribio kifuani. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, na kwa heshima alimwita Mama kama walivyomwita wanafunzi. Alikaa kwenye benchi, benchi likatikisika. Akasema amekuja kuuliza, hakuja kugombana. Kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, thelathini na wanane walikuwa wameandika jambo moja, wengine kwa maneno yaleyale, "somo lisonge", nalo jambo hilo lilikuwa kinyume kabisa cha alichosema mwandishi. Alidhani wameibiana majibu, mpaka alipofika kwenye karatasi ya Kimya.

Mwalimu huyo huwafundisha wanafunzi wake, mpaka wamemchoka, kwamba ukitumia wazo la mtu umtaje: ni nani, wapi, ukurasa gani. Chini kabisa ya jibu lake, kwa mwandiko wa kujikaza, Kimya alikuwa ameweka tanbihi yake kama alivyofunzwa: *Mama Mashine, benchi la nje, Alhamisi, saa nne asubuhi.*

Mama Mashine aliisoma mara mbili. Kwanza alijitetea. Alisema yeye makala ameisoma kwa macho yake, hakuambiwa na mtu. Akaivuta kutoka kwenye rafu, wakaanza kufunua pamoja, sita, saba, nane, kumi na moja. Vidole vyao vikasimama mahali pamoja. Mama Mashine akageuka, akatazama dirishani.

Karatasi ilikuwa palepale chini ya boksi la pini, imenyooka kama iliyopigwa pasi. Neno la kwanza la ukurasa wa tisa lilikuwa *Lakini*. Aliusoma wote wima, akageuza, akausoma wa kumi. Mwandishi alikuwa ameingia katika darasa moja, akamwomba mwalimu wake anyamaze kidogo baada ya kila swali, pumzi mbili tatu tu, asijibu, asisaidie. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Wiki ya tatu watoto ambao hawakuwahi kufungua mdomo wakaanza kujibu. Lile darasa la furaha la ukurasa wa kumi na moja ndilo hilo, baada ya kusubiriwa.

Mwalimu alisema kosa la karatasi ni la mashine, na hatalipeleka popote. Kilichomuuma ni kingine. Watu thelathini na wanane walishika makala ile nyumbani, na hakuna aliyefika ukurasa wa nane akashangaa wa tisa umekwenda wapi. Baada ya wiki tatu wangeandika jaribio jingine, juu ya makala nyingine. Akainamisha macho kabla ya kusema lililomleta.

"Mama, nakuomba usiwasimulie tena."

"Sasa mwalimu," Mama Mashine akasema, "nisipowasimulia, watakuja kwangu kufanya nini?"

Mwalimu akainuka. Alimshika mkono kidogo, akaondoka na bahasha yake.

Jioni ile Mama Mashine hakuwa na hadithi ya kumpa mume wake. Walitembea hadi nyumbani, wakala, wakaosha vyombo, ndipo akamweleza yote. Alisema ameua ndege thelathini na wanane kwa jiwe moja, na jiwe lenyewe ni ulimi wake. Fundi saa alifuta sahani hadi ikakauka, akaendelea kuifuta.

"Mtu akiniletea saa mbovu," akasema hatimaye, "nami nikachungulia ukutani nikamwambia sasa hivi ni saa tisa na robo, nitakuwa nimemtengenezea saa?"

Mama Mashine aliichukua ile sahani mkononi mwake. Alikuwa amelielewa na halikumpendeza. Akauliza, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda, je, wasipokuja?

"Benchi nimelitengeneza mimi. Wasipokuja nitalikalia mimi."

Siku zilizofuata aliifikiria sana ile karatasi iliyomezwa. Aliwaza jinsi alivyoisoma wima, kwa kiu, akisahau hata kwamba mwalimu amekaa pale. Miaka kumi na tisa ya kusoma, na hakuna kurasa mbili alizowahi kuzisoma hivyo. Ilikuwa kwa sababu alikuwa tayari ameamua mwandishi amesema nini, na mwandishi akamwambia *Lakini*. Pole pole, jambo likaanza kujiunda kichwani mwake.

Makala ya jaribio la pili ilipoletwa, ikihusu watoto wanaochorachora daftarini mwalimu anapofundisha, Mama Mashine aliisoma yote, akatafuta mahali ambapo mwandishi anakaribia kugeuka, akaikata hapo. Kurasa saba za mwanzo alizibana kwa pini moja. Sita zilizobaki alizibana kwa nyingine, akazipanga dirishani chini ya boksi. Alikwenda kwa mwalimu kumwomba ruhusa, na mwalimu akacheka hadi akavua miwani. Alhamisi saa nne akawatangazia wanafunzi utaratibu mpya. Chukua hizi, usome, urudi uniambie unadhani mwandishi atasema nini. Ukipatia au ukikosea, utapewa zilizobaki. Usiposoma, dirisha hili halina chako.

Kukawa na minong'ono. Mbunge alisimama ngazini, mikono mfukoni.

"Mama, tangu lini makala inatolewa kwa dozi?"

"Tangu mlipoanza kuzimeza bila kutafuna."

Walicheka, lakini kucheka si kukubali. Kulikuwa na duka la fotokopi karibu na geti, na maktaba ilikuwa na nakala kamili. Kufikia mchana wanafunzi walipita uwanjani wakiwa na kurasa zote kumi na tatu mkononi, safi na baridi, hazijafunguliwa. Alhamisi ikaisha benchi likiwa tupu. Ijumaa vilevile, na Jumatatu. Fundi saa alitimiza ahadi yake. Alihamisha trei yake ya vijiskurubu, akakaa kwenye benchi mchana kutwa, lenzi jichoni, na chai ya saa nne wakainywa wawili.

Zaidi ya wote, Kimya hakuonekana. Kwa kweli alionekana kwa mbali. Mama Mashine alimwona kupitia dirishani akitoka bwenini, akilifikia jengo la madarasa, kisha akizunguka kwa upande wa mabomba ya maji ili asipite mbele ya mlango wake. Jambo hilo lilimchoma kuliko benchi tupu. Katika watu arobaini na mmoja, ni mmoja tu aliyempa heshima ya kumwandika kama mtu wa kutajwa, na huyo ndiye aliyempoteza kabisa, maana ndiye aliyemwahidi kumshikia mwanzo.

Jumanne alifunga mlango saa za kazi, jambo ambalo mume wake hakuwahi kuliona, akaenda kusimama kwenye mabomba. Kimya alipokuja na ndoo, alisita, akataka kurudi.

"Mwanangu, nilikudanganya bila kujua," Mama Mashine alisema. "Ukurasa ulibaki kwangu, na mimi nikasema kana kwamba ninao. Nisamehe."

Binti aliweka ndoo chini ya bomba, akalifungua. Machozi yalikuwa karibu, ila hayakuwa yale aliyoyatarajia Mama Mashine.

"Mimi ndiye niliyedhani nimekuponza, Mama. Niliandika jina lako, mwalimu akakujia. Nilikuwa naona haya kupita."

Wakatazamana. Kumbe wiki nzima kila mmoja alikuwa anabeba mzigo wa mwenzake. Maji yalijaa, yakamwagika, ndoo ikaoga, na hakuna aliyekumbuka kufunga bomba.

Kimya alikuja siku hiyohiyo. Mama Mashine akampa kurasa saba na penseli fupi, akamwambia sentensi ikimkimbia asiifukuze. Aweke kijistari pembeni aendelee, atairudia ikichoka. Fundi saa akampisha upande ule unaotikisika. Binti alisoma kwa kidole, polepole, saa nzima na zaidi. Mama Mashine alifuta kioo cha mashine, akakifuta tena. Alizijua kurasa zile kama kiganja chake. Mara nne alifungua mdomo, mara nne akaufunga.

Hatimaye Kimya akainua kichwa. Mama Mashine akamwuliza anadhani mwandishi atasema nini. Binti akatazama chini. Saa kubwa ya ukutani, ile iliyoletwa kutengenezwa na mwenyewe hakuirudia, ilikuwa inapiga tik, tik, nyuma ya fundi. Mama Mashine aliushika mkono wa stepla kwa nguvu. Kila mlio ulikuwa unamsihi amsaidie mtoto wa watu. Tik. Neno moja tu. Tik. Hata mwanzo wake. Fundi saa alikuwa ameacha kufunga skurubu.

"Nadhani," Kimya akasema, "atasema wakatazwe kuchora, ila wapewe wakati wao. Kama mapumziko." Akafikiri tena. "Lakini kuna kitu hapa ukurasa wa tano. Anasema alipita akaangalia madaftari. Hajasema aliona nini. Mbona hajasema?"

Mama Mashine hakumjibu. Aliinua boksi la pini, akampa zilizobaki.

Kimya alizisoma palepale, hakungoja kukaa vizuri. Katikati ya ukurasa wa nane akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa na akafurahi. Kumbe watoto wale walikuwa wanachora somo lenyewe. Alikuwa amekosea, na alirudi nyuma kwenye vijistari vyake kuona alikosea wapi, penseli ikikimbia.

Kicheko hicho kilivuka uwanja. Kesho yake Mbunge alikuja akiburuta miguu, akasema amekuja kwa daktari kuchukua dozi yake, lakini asiambiwe mtu. Akaambiwa, bila shaka, maana Mbunge mwenyewe ndiye aliyemwambia kila mtu. Hawakurudi wote. Hadi siku ya jaribio walikuwa wamepita dirishani kumi na mmoja. Wengine waliendelea kununua za getini, na ukweli ni kwamba baadhi yao walifaulu bila taabu. Mama Mashine hakuwahesabu hao. Aliwahesabu waliokaa, wakabishana, wakatikisa benchi mpaka kigae kikatoka.

Baada ya majibu kusahihishwa, mwalimu wa malezi alikuja na karatasi moja, akasema anaomba nakala, akaiacha na kwenda zake darasani. Ilikuwa ya Kimya. Alama zake zilikuwa za katikati, hazikuwa za kupigiwa vigelegele. Ila kila wazo lilikuwa na ukurasa wake, na mahali pawili alikuwa amembishia mwandishi. Chini kabisa palikuwa na tanbihi mbili. Ya kwanza ilitaja makala, ukurasa wa tano na wa nane. Ya pili ilisema: *Mama Mashine, benchi la nje. Hakuniambia kitu.*

Mama Mashine aliisoma mara mbili. Kisha akaiweka kwenye mashine, na mashine, ambayo haijawahi kuwa na adabu, ikakohoa ikaimeza. Akalifungua tumbo lake, akaivuta kwa vidole viwili bila haraka, akailaza dirishani chini ya boksi la pini. Safari hii alikaa kando yake hadi ikanyooka.

Fundi saa alimwona kutoka kwenye meza yake, lenzi bado jichoni. Akauliza karatasi hiyo inasema nini, mbona mtu analia peke yake.

Mama Mashine akatoka nje, akakaa kwenye benchi, akampa.

"Soma mwenyewe," akamwambia. "Mimi nakusubiri."